Fomu ya Majina Mawili

Nyinyi mlioajiriwa juzi, mkapewa meza yenye droo na ufunguo wake, sogeeni karibu. Najua mnafikiri kazi ya idara ya ulinzi ni bunduki, gwaride na kupiga saluti. Mimi nimefanya kazi huko mpaka nikastaafu, na bunduki niliishika siku moja tu, kwa sababu mwenye nayo alitaka kufunga kamba ya kiatu. Silaha yangu ilikuwa mashine ya taipu. Na jambo lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa swali fupi sana: mkuu akiondoka, nani anakaa pale?

Niliingia ofisi ya ulinzi ya kanda, pale Shinyanga mjini, nikiwa bado msichana. Ofisi yetu ilisimamia mgambo kuanzia vijiji vya Kishapu, kupitia Kahama, mpaka Geita kwenye dhahabu. Mgambo walikuwa raia wa kawaida: wakulima wa pamba, wachunga ng'ombe, wachimbaji. Walifunzwa ulinzi kijijini kwao, wakarudi kwenye shughuli zao, wakawa tayari kuitwa siku nchi itakapowahitaji. Mimi nilikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili.

Chumba kile kilikuwa ufalme wangu. Mafaili niliyapanga kwa namna niliyoijua mwenyewe. Ya mafunzo yalikaa chini ya dirisha. Ya magari nyuma ya mlango, kwa kuwa dereva mmoja alikuwa na tabia ya kuyachungulia. Ya nidhamu nilikuwa nayakalia, ndiyo, nilitandika kitambaa juu nikayafanya kiti. Ukitaka barua yoyote unamwita Milembe, ndiye mimi, na Milembe anaitoa kabla hujamaliza kusema. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha nikaenda kujifungua. Mungu akanipa mapacha, Kulwa na Doto, ndiyo maana hadi leo naitwa Mama Kulwa. Siku ya pili, nimelala wodini, mtoto mmoja kila upande, nikamwona koplo wa ofisini kwetu, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Hongera sana, mayu, na pole," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. Akakohoa. "Kapteni anauliza, faili la magari liko wapi?"

Wodi nzima iliangua kicheko. Muuguzi alimfukuza na beseni mkononi, lakini nilikuwa nimeshamwambia: nyuma ya mlango. Mama mkwe alipokuja na uji nilimtambia. Nikamwambia, unaona, mama, bila mimi ofisi haiendi.

Niliporudi kazini, Kapteni Maige aliniita. Alikuwa mkuu wetu wa kanda, mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyekunywa maziwa mgando kila saa nne na hakupenda kukatizwa anapoyanywa. Siku ile aliyasogeza kando.

"Mama Kulwa, koplo alipokuja hospitali ulifurahi?"

"Nilifurahi, afande."

"Mimi niliona aibu. Kabla yako hapa tulikuwa na bwana ghala hodari. Funguo zote alizijua kichwani, ipi ya mlango upi, na hakumwambia mtu. Lori lilipinduka njia ya Old Shinyanga, akafa. Tulivunja makufuli kwa nyundo huku mjane wake analia pale uwanjani. Watu wakasema, kweli yule alikuwa hodari. Mimi nikajiuliza, uhodari gani unaoacha wenzako na nyundo?"

Akaniambia kwamba Hadija, yule mchapaji mpya, kuanzia kesho atakaa masjala pamoja nami, nami nitamfundisha mpaka awe anajua kila ninachojua.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa sasa nimezeeka na sina cha kuficha. Nilimfundisha kwa kinyongo. Mambo makubwa nilimwonyesha, madogo mawili matatu nikayabana. Hadija hakugombana nami. Aliomba kadi tupu stoo, akaandika kila faili na mahali pake, akazipanga kwa herufi ndani ya sanduku la viatu. Baada ya wiki chache alikuwa anapata barua haraka kuliko mimi. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nilitafuta faili la Kagongwa mpaka jasho likanitoka, nikaenda kimya kimya kwenye sanduku la viatu, nikalipata. Hadija aliona. Akajifanya anachonga penseli. Tangu siku hiyo nikaacha ujinga, na yale madogo niliyoyabana nikampa.

Likumbukeni hili: ukimfundisha mtu, mfundishe na yale yanayokupa jina.

Sasa Kapteni alikuwa na mpango mkubwa zaidi. Akanichapisha fomu, karatasi moja tu, ya kupelekwa kwa kila mkuu wa mgambo wa wilaya. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza: ukiitwa kesho asubuhi, nani akae mahali pako? La pili: na huyo naye akiitwa, nani? Chini, mkuu aeleze kila mmoja bado anahitaji kufundishwa nini.

Mtaona ni karatasi ndogo. Lakini nyumbani kwetu wakati ule, kumwambia mtu mzima amtaje atakayekaa mahali pake ilikuwa kama kumpimia sanda. Mkuu mmoja aliirudisha fomu tupu, pembeni ameandika kwamba afya yake ni njema. Mwingine alimtaja mwanawe wa darasa la tano. Lakini ya Geita ndiyo iliyotuvunja mbavu. Mkuu wa Geita aliitwa Luhende, mtu wa miraba minne, sauti yake ikisikika toka uwanjani mpaka sokoni. Kwenye swali la kwanza aliandika: Luhende. Kwenye swali la pili aliandika: Luhende mwenyewe.

Kapteni alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka. "Huyu ndiye bora kuliko wote tulio nao," akasema. "Na ndiye wa hatari kuliko wote."

Akaamua kujaza nafasi zile yeye mwenyewe, kwa siri, kutokana na anavyowajua watu. Akanisomea majina, nikachapa nakala tatu. Kwa Geita alimtaja Sajini Faustini, msaidizi wa Luhende, Mzinza mmoja asiyesema sana, aliyekuwa akiendesha mafunzo ya wachimbaji kule Nyarugusu. Nakala zikafungwa kwenye kabati la chuma. Nami nikaifunika mashine, nikaenda zangu nyumbani.

Kosa nililofanya siku hiyo ndilo ninalowasimulia vijana kila mwaka. Zamani, ili upate nakala, uliweka kaboni, ile nyeusi yenye wino, kati ya karatasi na karatasi. Kaboni mpya ikitumika mara moja, ukiinyanyua kwenye mwanga unasoma kila herufi. Ilitakiwa kuchomwa. Mimi niliitupa kapuni.

Mfagizi wetu, Mama Shija, alikuwa anadarizi vitambaa vya meza, na kaboni ndiyo iliyokuwa ikitumika kunakili maua juu ya kitambaa. Akaiokota bila nia mbaya yoyote, akaipeleka kwa wenzake wa kudarizi pale Ngokolo. Mmoja wao aliinyanyua dirishani aone kama bado ina wino. Akasoma. Na huyo mmoja alikuwa mke wa dereva wa lori la Geita.

Siku ya tatu asubuhi nilisikia breki nje. Luhende alishuka kwenye lori la pamba, vumbi limemfunika toka nywele mpaka viatu, macho tu ndiyo yaliyokuwa yanaonekana. Hata "mwangaluka" hakusema, na Msukuma asiposalimia asubuhi ujue kuna jambo. Alipita mbele yangu, akafungua mlango wa Kapteni bila kubisha.

"Kapteni, mimi nimekufa?"

"Karibu kiti, Luhende."

"Nauliza, nimekufa? Geita nzima wananitazama kama maiti. Wake zangu wanalia. Faustini amekula sahani moja nami, kumbe ananingojea!"

"Faustini hajui chochote."

"Jina lake limeandikwa! Limeandikwa hapa, kwenye mashine ya huyu mama!"

Nilisimama mlangoni, nikasema, "Afande, ni mimi. Kaboni sikuichoma. Niliitupa kapuni, ikachukuliwa."

Nilijua kazi imekwisha. Nilishaanza kufikiri watoto watakula nini.

"Mama Kulwa umekosa," Kapteni akasema, "na tutazungumza. Lakini mimi nimekosa zaidi. Nimeandika habari za watu kama mwizi anavyopanga njia. Kama ni jambo jema, kwa nini nililifungia kabatini?"

Akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa fomu zote. Alichambua mpaka akaipata moja, akampa Luhende.

"Hii ni fomu yangu mimi, niliyoijaza kwa mkono wangu. Soma kwa sauti."

Luhende aliifuta mikono kwenye suruali, akaishika. Akasoma swali la kwanza, nani akae mahali pa mkuu wa kanda. Kisha sauti yake, ile kubwa, ikapotea kabisa. Midomo ilicheza tu.

"Kwa sauti, Luhende."

"Luhende," akasema. Akasoma tena, kama mtu asiyejua kusoma. "Luhende wa Geita."

"Nilikuandika kabla ya mtu yeyote," Kapteni akasema. "Siku nikiitwa, nataka wewe ukae hapa. Lakini nitakutoaje Geita? Umeandika kwamba wa kukaa mahali pako ni wewe, na baada yako ni wewe tena. Umejifunga mwenyewe kwenye kile kiti. Mimi nakuvuta juu, wewe umeshikilia mguu wa meza."

Luhende alikaa chini, na vumbi likapukutika juu ya sakafu niliyokuwa nimeisimamia ikipigwa deki asubuhi ile.

"Mama," akaniambia bila kunitazama, "naomba fomu nyingine."

Nilimletea. Alichukua muda mrefu na kalamu mkononi. Mwishowe akaandika Faustini, na chini yake mwalimu mmoja wa mgambo wa pale Geita. Kisha akanywa maji birika zima, akalifuata lori lake.

Mimi sikufukuzwa. Adhabu yangu ilikuwa kupita ofisi zote za wilaya nikieleza, kwa mdomo wangu mwenyewe, jinsi kaboni inavyochomwa na kwa nini. Kila nilipofika watu walikuwa wameshasikia habari zangu. Kahama waliniimbia wimbo. Niliona haya, lakini kaboni zikachomwa kanda nzima.

Baada ya hapo siri ikaisha. Kapteni akaagiza kwamba kila mkuu, mara moja kila msimu, aondoke ofisini wiki nzima na yule aliyemtaja akalie kiti chake. Akalie kweli, aamue kweli, atie saini kweli. Mkuu asikanyage.

Kwa Luhende hiyo ilikuwa mateso. Wiki ya kwanza Faustini alipokaa, Luhende alihamia mgahawa wa chai uliotazamana na ofisi. Akashinda hapo toka asubuhi, akihesabu nani anaingia na anatoka na uso gani. Na Faustini naye aliboronga. Wakufunzi walimwomba ruhusa wakavune pamba, akaona kila mmoja ana sababu ya kweli, akawapa wote kwa siku moja. Jumatatu mgambo walifika uwanjani hakuna wa kuwafunza. Luhende alitaka kuvuka barabara. Alipiga simu Shinyanga akipiga kelele, nami niliisikia sauti yake bila hata kushika mkono wa simu.

"Usivuke," Kapteni akamwambia. "Yeye anafanya nini?"

"Anawafunza mwenyewe! Peke yake! Wote!"

"Basi kunywa chai."

Faustini aliwafunza peke yake wiki nzima, sauti ikamkauka. Hakuna aliyehitaji kumwambia kosa lake, na hakulirudia. Wiki zilizofuata akaanza kuleta mambo yake. Kule Nyarugusu wachimbaji walikuwa hawaitani kwa majina ya kwao. Kila mtu alikuwa na jina la duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, na lile la nyumbani lilisahaulika. Orodha zetu rasmi zilikuwa na majina ya ubatizo na ya ukoo ambayo kule hakuna aliyeyatambua. Faustini alinunua daftari la shule, akawa anateremka duara kwa duara, anaandika jina la shimoni upande mmoja na la nyumbani upande wa pili. Luhende alimcheka kwanza. Baadaye akamnunulia daftari la pili.

Halafu vita vikaja. Mnajua vita vya Kagera kutoka kwenye vitabu; sisi tulivisikia redioni tukiwa tumesimama wima, na hakuna aliyekaa mpaka taarifa ilipokwisha. Siku chache baadaye, asubuhi, Kapteni alipata amri ya kuondoka siku hiyo hiyo kwenda mbele. Wakuu wengine wawili wa wilaya wakaitwa pamoja naye. Na amri nyingine ikaja juu yake: mgambo waliofuzu wakusanywe wote, kanda nzima, wawe tayari kusafiri kabla ya Jumapili.

Hebu fikirini. Mkuu wa kanda anaondoka, wakuu wawili wanaondoka, na kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya inaanza saa hiyo hiyo. Nilimwona mama mmoja wa ofisi ya jirani amejishika kichwa. Akaniuliza, "Sasa nyinyi mtafanyaje?"

Kapteni alimaliza maziwa yake. Akavaa kofia. Makabidhiano yalifanyika kwa simu, na hayakuchukua muda wa kuchemsha chai, kwa sababu Luhende alishakalia kile kiti mara nyingi, alijua hata droo ipi inakwama. Aliteremka kutoka Geita kupitia Kahama, akafika siku ya pili, akasalimu watu wote, akaketi, akasema, "Mama Kulwa, wewe stesheni. Hadija, masjala. Tuanze."

Mimi stesheni! Miaka yote ile nimefungiwa na mafaili, sasa nimesimama kwenye jukwaa la reli, mistari ya wanaume mbele yangu, wake zao pembeni na vifurushi vya viazi na karanga. Kila jina lenye utata niliandika kwenye kipande cha karatasi, koplo wetu mwenye mvi akapanda baiskeli, na kabla mstari haujasogea anarudi na faili kutoka kwa Hadija. Hakukosea hata moja. Kila aliporudi, moyo wangu ulikuwa unaniambia: yule binti nimemfundisha mimi.

Na Geita? Ya Geita alinisimulia Faustini mwenyewe. Ofisa mmoja mgeni alipelekwa Nyarugusu na orodha rasmi. Akasimama juu ya lori, akaita jina la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Watu walijaa pale wanamtazama. Ofisa akaanza kukasirika, akidhani wanakimbia vita.

Faustini akaomba nafasi. Akafungua daftari lake la shule, akaita, "Gari Bovu!"

"Naam!" Mtu akatoka mbio.

"Radi ya Mchana!"

"Nipo!"

"Mzee wa Nyundo!"

Wakatoka wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kicheko na vigelegele vya akina mama waliokuwa wanauza chakula pale machimboni. Ofisa yule alishuka kwenye lori akaomba aoneshwe daftari. Jumamosi mchana Geita walikuwa tayari. Jumamosi jioni wilaya zetu zote zilikuwa tayari. Tulipiga simu makao makuu kwamba kanda imekamilika, na yule wa upande wa pili akauliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Luhende alimjibu kwa ile sauti yake ya Geita, nadhani hata bila simu angesikika.

Treni ilipoondoka nililia. Nililia kwa ajili ya wale wanaume, kwa kuwa hatukujua nani atarudi, na wako ambao hawakurudi, nami majina yao nayajua mpaka leo. Lakini pia nilikuwa nimesimama wima, kiuno kinauma, na najua kwamba hakuna aliyeachwa kwa uzembe wetu.

Mwaka uliofuata tulishinda. Mji ulicheza ngoma siku kadhaa. Mimi nikapewa cheo cha afisa utumishi wa kanda, mwanamke wa kwanza kukalia meza ile, na kazi yangu ikawa kupita wilaya zote nikiwauliza wakuu yale maswali mawili. Wengine walikunja uso. Niliwaambia habari za kaboni, wakacheka, wakaandika.

Kapteni Maige alirudi mvua zilipokuwa zinaisha. Nilikuwa dirishani. Alikuja kwa miguu kutoka stesheni, amevaa kiraia, anachechemea kidogo, begi begani. Pale getini tulikuwa na askari mpya, kijana wa Kishapu ambaye hakuwahi kumwona.

"Shikamoo mzee," askari akasema.

"Marahaba."

"Una shida gani?"

"Namtaka mkuu."

"Jaza kitabu cha wageni, mzee. Jina hapo, unakotoka hapo, na sababu ya kuja."

Nilishtuka, nikatoka mbio, kiatu kimoja kikanivuka ukumbini. Nilipofika alikuwa ameinama, anaandika taratibu kwa mwandiko wake mzuri. Kwenye sababu ya kuja aliandika: kusalimia.

"Mkuu ana kikao," askari akamwambia. "Kaa pale kwenye benchi, ungoje."

"Wewe!" nikamfokea askari. "Unajua huyu ni nani?"

Kapteni aliinua mkono kunizuia. "Mwache, Mama Kulwa. Anafanya kazi yake."

"Lakini afande, ngoja nimwite Luhende, atoke sasa hivi."

"Usimwite. Ana kikao."

Akaenda kwenye benchi, akaweka begi chini, akanyoosha ule mguu mbaya juani. Toka ndani tukasikia sauti ya Luhende ikitoa amri, na mtu akijibu, na mashine ya taipu ya Hadija ikienda bila kusita. Kapteni alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha akaanza kucheka peke yake, polepole, mabega yanatikisika, kama mwanamume aliyetoka kuambiwa kwamba mkewe amejifungua salama.

"Kaa nawe," akaniambia, akigonga benchi. "Tungoje zamu yetu."